Kwa Kaka Aliyesema Nilimtupa Kituoni

Crescent Town,
Toronto, Kanada.
Januari 12, 2025.

Mpendwa Kaka Nahashon,

Nakusalimu kwa heshima, maana Mama alitulea hivyo, na wewe ni mkubwa wangu hata ninapokuwa na hasira kama leo. U hali gani? Kile kikohozi ulichoondoka nacho huku kwetu kimeisha? Sisi hatujambo. Shaun amerudi shuleni. Nikimwuliza kitu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wa huku. Shemeji yako Festus yuko safarini na lori lake. Mimi nimekuwa mzito, miguu imevimba, lakini kliniki wanasema mtoto yuko salama.

Salamu zimetosha. Sasa nikuambie kilichonikalisha kuandika.

Juzi Mama alinipigia simu kuniambia haji tena. "Sitaki kuwa mzigo, mwanangu," akasema. "Nahashon anasema huna gari, na wageni wako unawatupa kituoni wagande." Kaka, viza yake ipo, tiketi ipo. Najifungua mwezi wa tatu, na unajua Festus anaweza kukaa barabarani wiki nzima. Nilimtegemea Mama anipikie uji, ambebe mtoto nami nipate usingizi kidogo. Umeninyang'anya Mama kwa porojo za mezani!

Gari sina, ni kweli. Nani alikuambia ni aibu? Basi ninalopanda kila asubuhi lina wauguzi, mawakili, na wazee wanaotembelea fimbo. Hata Japhet wa Parkdale, rafiki yako uliyesoma naye na usiyechoka kumsifu, hana hata baiskeli.

Na nani alikutupa? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikupa kadi ya basi. Siku mbili za kwanza nilikusindikiza kila mahali. Nilikuonyesha pa kugusisha kadi, kamba ya kuvuta ukitaka kushuka, na mlango wa nyuma wa kutokea. Siku ya tatu, nilipokuwa na zamu, nilikueleza njia ya kwenda kwa Japhet: ukitoka kwenye treni, panda basi linaloelekea kusini, na ukiwa na shaka mwulize dereva. Ukanijibu kwamba wewe ni mwalimu wa jiografia.

Mwalimu wa jiografia akapanda la kaskazini. Abiria wakashuka mmoja mmoja, ukanyamaza. Ulinyamaza kwa sababu dereva alikuwa mwanamke, tena mdogo kwako. Kuuliza si ujinga, ninyi walimu ndio mliotuimbisha hivyo darasani. Mpaka basi lilipofika mwisho wa safari ndipo ukanipigia.

Tena hukuganda. Nilikukuta ndani ya basi lenye joto, umeshika kikombe cha chai ya yule dereva, ambaye alikuwa mapumzikoni na alikataa kukuacha nje kwenye theluji. Hata jina hukumwuliza. Mbona hukumtaja nyumbani, ulipokuwa ukitafuna kuku na kusimulia mateso yako mbele ya ukoo mzima? Nimekasirika, Kaka, na sitajifanya sijakasirika.

Siku utakayopata barua hii, nenda kwa Mama. Usimpigie simu, usimtume mtu. Mwambie ulipotea kwa kiburi chako. Mwambie nitampokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na tutapanda basi pamoja mpaka mlangoni kwangu.

Nisalimie wifi yangu Nyaboke na watoto, na Mama Mdogo Kemunto, mwambie kitenge chake nakivaa kanisani. Mungu awalinde nyote, wewe ukiwemo.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia Mama. Siku ile uliponipigia, nilimwomba Inara, mwenzangu wa kazini, anishikie zamu, nikapanda mabasi mawili na mimba ya miezi mitano kuja kukuchukua. Tulipoingia kwenye basi la kurudi, kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Ulikaa wewe.

Hilo nalo umweleze mwenyewe.

Dada yako, anayekupenda kwa shida leo,
Kwamboka