Saksofoni Zilizofunikwa na Majina

Uvira, Jumamosi

Hapana, bado sijapoa. Mwezi mzima niliandika kile kipande cha saksofoni nne, kila moja na sauti yake, kwa ajili ya okesta yetu ya Kalundu. Katikati ya wimbo tarumbeta na ngoma zinanyamaza, zinabaki saksofoni peke yake, kwa sauti ya chini kabisa. Nilimwomba Amisi, mwimbaji wetu: ukifika pale, funga mdomo.

Leo kwenye harusi tulipofika pale, akashika mikro akaanza libanga lake, kusifu wenye pesa kwa majina. Akataja mwenye maboti, akataja shemeji ya mwenye maboti, na wengine ambao hata hawakuwepo.

Mwishowe akanitaja na mimi. Juu ya saksofoni zangu mwenyewe.

Nilimfuata nyuma ya jukwaa. Akashangaa. "Miye nilikuheshimu, kaka. Si nilikutaja?"

Naogopa nitazeeka nikiandika vitu visivyosikiwa na mtu.

Mama naye alikuwa harusini. Tumerudi nyumbani anatabasamu. "Nilisikia banakutaja, mwanangu."

Nikamuuliza saksofoni alizionaje.

"Saksofoni gani?"