Alama Nyekundu Gatini

Alhamisi, 3 Machi. Mawingu mepesi, hakuna upepo.

Baba, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi tu.

Maktaba ya umma inainuka hapa ukingoni mwa maji. Ukumbi wa kusomea utakuwa kioo mbele kote, na ngazi pana zitashuka mpaka majini, watu wakae hapo wasome. Vipimo vya sakafu nimepewa mimi. Nimeanzia kwenye alama yako nyekundu ukutani gatini, ile uliyoichonga ulipokuwa mwashi kuonyesha maji yakijaa kabisa yanafika wapi. Sakafu itakaa sentimita sitini juu yake. Mafundi wananiita Bi Rula. Wanasema hata chai naipima. Zege ni Jumamosi, tarehe 12.

Mwanao

Jumatatu, 7 Machi

Mwanangu, marahaba. Goti liache. Barua yako nimeianza nimesimama, nikatafuta kiti.

Mwaka ulioanza shule, tishari la mizigo liligonga ule ukuta. Mawe tuliyarudisha mbiombio, na lenye alama likaingia safu mbili chini ya mahali pake. Nikasema kesho nitaifuta. Kesho imekuwa miaka ishirini. Safu mbili ni sentimita themanini. Sakafu yako itakuwa chini ya maji, mama. Zege lisimwagwe.

Baba yako

Jumanne, 15 Machi. Manyunyu tangu alfajiri.

Baba, shikamoo. Barua yako ilifika jana. Zege lilikuwa na siku mbili.

Nilifungua shajara yangu, siku ya kwanza ya kazi. Nimeandika: “Mwani umeota ukutani kupita alama, kama vile maji hufika huko. Ajabu.” Chini yake: “Baba hakosei.”

Nilimpelekea mhandisi barua na shajara. Alisoma vyote mara mbili.

“Bi Rula, ungeichoma hii barua ningejuaje?”

“Maji yangekwambia.”

Hakucheka. Aliagiza mashine za kuvunja, nazisikia ninapoandika. Nitapima upya, safari hii kwa kuyasubiri maji yenyewe, kisha nikabidhi vifaa. Kazi yangu hapa imekwisha.

Usijibebeshe lawama, Baba. Wewe ulisahau. Mimi niliona kwa macho yangu, nikafunga daftari.

Jana nilipata usingizi mapema, saa moja na robo jioni, viatu miguuni.

Mwanao