Maharagwe, Ndengu na Geti la Mama

Alhamisi. Mvua imeshika Langas tangu saa nane, na baridi imeingia hadi kwenye vidole ninavyoandikia.

Nina wiki tano za ndoa, na bado mlango ukifunguliwa moyo wangu unaruka. Wafula wangu! Anatunza maabara ya shule moja ya upili. Akirudi, shati lake linanukia sabuni na kitu kikali cha huko kazini, ambacho sasa nakipenda kuliko marashi. Naona haya kuandika jinsi ninavyompenda.

Na nimefungiwa.

Tunaishi kwa mama yake. Kwa desturi yetu, bibi harusi hupika jikoni kwa mama mkwe mpaka atakapopewa jiko lake. Mimi langu nitapewa shangazi zake Wafula wakishakuja kutoka Bungoma, wakaniona na kuonja ugali wangu. Hadi hapo sitoki getini. Ufunguo Mama ameufunga kwenye pindo la leso yake. Si mkali, jamani. Huniwekea kipande kizuri cha nyama, huniita binti yangu. Lakini jikoni kwake hakuna dirisha, na kuna siku nahisi moshi unajua njia ya kutoka kuliko mimi.

Shangazi wanakuja Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, ndiyo mtihani wangu wa kuingia chuo cha uuguzi. Kemia. Somo lililoniangusha kidato cha nne.

Wafula anajua. Kila jioni ananifundisha kwa upendo mpaka nataka kulia. Ila kumwambia mama yake? "Ngoja kidogo, mpenzi, nitaongea naye." Nimengoja wiki tatu.

Leo mvua ilimrudisha mapema akanikuta nachagua maharagwe kwenye ungo. Akachukua haragwe moja, akalizungushia punje nne za mahindi. "Hii ni methani. Kaboni moja, haidrojeni nne." Kando akapanga ndengu mbili mbili, zimegusana. "Hizi ni klorini. Ukizichanganya gizani, nini kitatokea?"

"Zitabadilishana."

"Gizani? Hapana, Nekesa. Zitakaa tu."

"Hata mwaka mzima?"

"Hata mwaka mzima."

Mwanga! Ndicho nilichosahau kuandika juu ya mshale wa mlinganyo kwenye ule mtihani wa kidato cha nne.

Akatenganisha ndengu mbili kwa kidole: hiyo ndiyo kazi ya miale ya jua. Kila ndengu sasa iko peke yake, ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na haiwezi kutulia. Inanyakua punje moja ya mahindi kutoka kwa haragwe na kwenda nayo. Haragwe limebaki na pengo, basi linanyakua ndengu kutoka kwa jozi nyingine. Ile iliyoachwa inatafuta haragwe jingine, na jingine. Mwanga ulianzisha tu. Baada ya hapo kila hatua inazaa inayofuata.

"Na inaisha lini?"

"Wapweke wawili wakikutana, wanashikana, wanatulia." Akaninong'oneza, "Kama sisi."

Niliyeyuka. Kisha nikatazama ungo. Pale wawili walipokutana, hakuna kilichosogea tena.

Mama akaingia na kuni. "Nyinyi mnachagua maharagwe ama mnacheza bao?"

"Ni masomo, Mama," Wafula akasema.

"Masomo ya nani? Huyu si ameshaolewa?"

Wafula akainamia ndengu zake. Nilimjua: angezitazama hadi mwaka mzima.

Basi nikasema mimi. "Mama, Jumamosi saa tatu nina mtihani wa uuguzi. Naomba niende. Saa saba nitakuwa nimerudi nisonge ugali."

Mama akatua kuni zake chini.

"Na sufuria zangu ataosha nani asubuhi yote hiyo?"

"Mimi, Mama," akasema Wafula.

Sijui ilitoka wapi. Nadhani hata yeye hajui.

"Wewe! Shangazi zako wakukute na steelwool mkononi?"

"Wanikute. Na wakiuliza bibi harusi yuko wapi, nitawaambia ameenda kutafuta kazi ya kuwadunga sindano."

Mama akacheka kabla hajajizuia, kisha akaukunja uso upesi. Alipanga kuni polepole, moja moja. Nilihesabu saba.

"Kuku wa wageni basi tutawanyonyoa kesho," akasema. "Wote watano. Na uamke mapema, Jumamosi asubuhi sifungui geti mara mbili."

Alipotoka nilimkumbatia Wafula hadi ungo ukamwagika, na maharagwe tumeyachagua upya.

Ufunguo bado uko kwenye leso. Nikipita, masomo ni miaka mitatu, na sufuria ni za kila siku. Lakini kesho kuna manyoya ya kuku watano, na juu ya mshale nitaandika mwanga kabla ya kitu kingine chochote.