Alama Tatu kwenye Mwaloni

Jumatatu, 3 Oktoba 1836

Mimi Obed Stiltner, umri wa miaka themanini na minne. Nimezika wake wawili, watoto saba kati ya kumi na mmoja, ndugu yangu Enos, na wahubiri watatu walioniambia nitawatangulia. Nimemshinda hata mfalme aliyesema milima hii ni yake. Kuandika nilijifunza nikiwa na miaka sitini, na hakuna aliyenishika mkono.

Naandika kwa sababu Alhamisi wapimaji wa ardhi wanakuja kuukata mti wangu ubavuni.

Pettigrew wa bondeni ana karatasi ya mwaka 1785 inayosema ardhi yote ya kijito hiki ni yake. Mimi nina mwaloni wa mpakani wenye alama tatu za shoka. Niliapa mbele ya hakimu, mkono juu ya Biblia, kwamba alama zile nilizikata mwaka 1778, mahindi yetu ya kwanza yakiwa yameshachipua. Aliyetangulia kuweka alama na kupanda ndiye mwenye ardhi. Huku milimani ndivyo ilivyo, na hakimu anajua.

Niliapa vizuri. Sauti haikutetemeka.

Jumanne, 4 Oktoba

Mpimaji amekuja kuutazama mti. Anaitwa Penrod, buti zake safi mno kwa njia zetu. Nikamuuliza, utaujuaje umri wa alama? Akasema mti huongeza mduara mmoja kila mwaka juu ya kovu. Watatoa pande penye alama, wahesabu miduara, wajue shoka lilipita mwaka gani.

Nikamwambia shoka lilikuwa langu, aniulize mimi.

"Wewe tulishakuuliza, mzee. Sasa zamu ya mti."

"Na mti hauna wajukuu wa kurithisha," akasema kijana wake anayemvutia mnyororo wa kupimia, wakacheka.

Nikawaambia kwa shoka hilohilo nilimuua dubu. Penrod akasema basi nimlete na dubu, naye wamhesabu.

Sikuweza kula. Dorcas, binti yangu mjane, yeye na watoto wake watano wanalala chini ya paa hili. Akaniuliza, "Baba, mkate umeuacha? Wewe ulikula hata siku ya msiba wa mama." Nikasingizia tumbo.

Jumatano, 5 Oktoba

Dorcas hajui kusoma. Kwa hiyo nitaandika.

Mti si ule.

Wa kwanza ulisimama hatua kumi kutoka huu, upande wa maji. Huo ndio niliouweka alama mwaka 1778. Tulifika watu wanne, ng'ombe mmoja, sufuria moja — mimi na Keziah wangu, Enos na Tabitha wake. Hilo ni kweli, hata wanichome moto.

Mwaka 1790 nyuki waliingia kwenye uwazi wa mwaloni ule. Na mimi katika kusaka nyuki sikuwa na mpinzani upande huu wa mlima. Tabitha alinishikia kijinga cha moto cha kuwafukiza nyuki. Akaniambia, "Shemeji, huu si ndio mti wa mpaka?" Nikamwambia mimi niliyeuweka ninaweza kuweka mwingine. Ukaanguka kabla ya adhuhuri. Asali ndoo nne. Nikapiga alama tatu kwenye mwaloni wa jirani, tukaenda kula. Kisiki cha zamani nilikichoma, nikapanda viazi.

Kisha miaka ikaenda. Kila mgeni nilimwonyesha mwaloni huu, nikasema ndio ule. Nimesema mpaka nikaamini.

Kesho watahesabu miduara arobaini na sita. Karatasi ya Pettigrew ina miaka hamsini na moja. Nitakuwa mwapaji wa uongo, tena niliyekuja nyuma. Theluji iko karibu — Dorcas na watoto watakwenda wapi? Na makaburi kumi kule juu, nguruwe wa Pettigrew watayafukua.

Mchana nilichukua makaa kwenye chungu, nikaenda mtini. Nilikuwa nimeshaamua kuuchoma. Nikamkuta mvuta mnyororo amekaa chini yake, anamenya tufaha.

"Mzee, unatembea na makaa?"

"Ya kuwashia kiko," nikasema.

"Kiko kiko wapi?"

Nilirudi.

Alhamisi, 6 Oktoba

Wamefika asubuhi. Pettigrew yuko juu ya farasi, hataki hata kushuka. Shoka nalisikia nikiwa hapa mezani.

Nimemwambia Dorcas. Hakulia, hakunikemea. Aliuliza tu nani mwingine aliuona mti wa kwanza. Nikasema wote wako makaburini.

"Mama mdogo Tabitha naye?"

Tabitha yuko hai, kwa watu wake ng'ambo ya mlima. Miaka thelathini hatujasemeshana. Enos alipokufa nilimwambia hana chake hapa, kwamba alama niliweka peke yangu. Uongo. Enos aliuchagua mti, mimi nikakata. Nusu ilikuwa yao. Mama yule alifunga godoro lake na kuondoka bila kugeuka.

Akiitwa, atasema tulifika mwaka 1778. Ataeleza na habari ya nyuki. Ataitaja na nusu ya Enos. Hakuwahi kuacha neno nyuma.

Shoka limenyamaza. Penrod anahesabu kwa sauti, polepole, makusudi nisikie. Ishirini na sita. Ishirini na saba.

Dorcas ametandika farasi. Yuko mlangoni na hatamu mkononi. "Baba, niandikie jina la shahidi nimpe hakimu. Usipoandika wewe, leo ataandika Pettigrew."

Thelathini na tatu.

Nitachana sehemu hii ya chini nimpe.

Anayeweza kushuhudia kwamba sisi wanne tulifika hapa mwaka 1778 ni Tabitha Stiltner, mjane wa ndugu yangu Enos, nyumba ya pili baada ya kinu, ng'ambo ya mlima. Aulizwe yeye. Aulizwe yote.