Kaka, Nani Alivuka Mto wa Majivu?

Kaka Musyoka,

Niwie radhi kwa kukawia. Tangu Pasaka naanza barua hii na kuiacha. Mara mtoto ameamka, mara maji yamerudi na lazima nijaze mitungi, mara nimeshika kalamu nikaona hasira imenizidi, nikasema nitaandika nikitulia. Sijatulia. Naandika hivyo hivyo, na naandika wazi, atakayesoma asome, kwa sababu nilipokuuliza kwa simu ulicheka, na nilipokuuliza kwenye kundi la familia ulituma kidole gumba.

Nilikuuliza kitu kimoja tu: vile vitabu vyetu viliitwaje?

Unavikumbuka. Nchi ambayo jua lilifungiwa kisimani. Mbuzi wa pembe tatu aliyelinda daraja na kuwadai wapitao chumvi. Ndugu wawili, mvulana na msichana, waliotumwa kulitoa jua kule chini. Ulivitoa soko la Gikomba, viwili kwa pamoja, kwa mzee aliyetandaza vitabu vya Kiingereza juu ya gunia. Mama alipoona joka lenye mabawa kwenye jalada akasema, "Hilo halilali kwa nyumba yangu." Akang'oa majalada, akang'oa na karatasi za mbele ili awe na hakika, akawashia jiko. Kilichobaki akakivisha karatasi ya kaki kama vitabu vya shule, nawe ukaandika juu kwa kalamu ya bluu: Hesabu. Akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi walikuta watoto wawili wameinamia Hesabu, wakamsifu Mama kwa malezi.

Kiingereza changu kilikuwa kidogo. Jumamosi tukimaliza kufua ulisoma ukinigeuzia kwa Kiswahili, mimi nimelala kitanda cha chini nikiangalia mbao za kitanda chako. Majina ya kizungu uliyatupa ukaweka ya kwetu. Mvulana akawa Mutinda, msichana akawa Mwikali. Nikikuuliza kitakachofuata unasema, "We ngoja, hata mimi sijafika." Kaka, sijawahi kumsikiliza mtu hivyo tena, si kanisani, si mume wangu wakati akinitongoza.

Binti yangu nilimwita Mwikali, na unajua kwa nini. Ana miaka tisa. Akinisaidia kubembeleza mdogo wake, namsimulia. Mwezi wa pili tulifika Mto wa Majivu. Nikamwambia kama ulivyoniambia wewe, kwamba mto huruhusu mmoja tu avuke, na Mwikali akamshika kakake bega akasema, "Nenda wewe. Mimi nitalinda moto."

Binti yangu akaacha kubembeleza.

"Kwa nini yeye ndiye abaki?"

"Kwa sababu anampenda kaka yake."

"Na kaka yake hampendi?"

"Anampenda."

"Sasa mbona asibaki yeye?"

Nikamwambia aache maswali, ndivyo kitabu kinavyosema. Akanitazama akasema, "Nionyeshe."

Ndipo nikaanza kutafuta. Nilikwenda kwa kijana anayeuza vitabu vya mitumba pale stejini Umoja, matatu zinapopakia.

"Kinaitwaje, mathe?"

"Sijui."

"Aliandika nani?"

"Sijui."

"Basi rangi ya jalada."

"Kaki."

Akashika kichwa. "Mathe, hapo umenimaliza. Hiyo ni rangi ya kila kitabu cha kila mtoto Nairobi hii."

Nikauliza mtandaoni, kwenye kundi moja la wapenda vitabu. Nilieleza kisima, mbuzi, mto, hata joka la jaladani. Walinitumia picha za majalada, moja baada ya nyingine, hakuna lililokuwa lenyewe. Mmoja akaniambia nenda kalale, mama, uliota. Na kweli nilianza kudhani niliota.

Kumbe kilikuwa Shauri Moyo kwa Mama, chini ya sanduku la bati, kimeinua pembe yake iliyozama. Cha kwanza kilishakwenda na jiko kaki yake ilipochanika. Hiki cha pili Mama alikihurumia kwa sababu ya lile neno Hesabu juu yake. Kilikuwa na kinyesi cha mende na harufu ya mafuta ya taa, lakini kurasa za mwisho zilikuwepo. Jina hakuna mahali, hata juu ya kurasa ni nambari tu.

Nilikisoma kwa wiki tatu, mchana mtoto akinyonya, kamusi ya shule ya Mwikali kwenye goti. Niliishia kidato cha pili lakini si kipofu. Nilifika mtoni. Nikasoma ukurasa ule mara nne, nikitafuta neno baada ya neno, kwa kuwa nilidhani ni mimi nimekosea.

Ni msichana anayevuka, Musyoka. Mvulana anaogopa, analala kwenye majivu analia, halafu yeye mwenyewe anasema atabaki alinde moto. Msichana anavua viatu, anaingia.

Nilikifunga kitabu. Nilimlaza mtoto nikaenda kunawa uso kwenye sinki.

Kwa sababu siku uliyonisomea ukurasa ule naikumbuka. Baba alikuwa ameachishwa udereva wiki hiyo, na Mama alikuwa ametuambia wazi shule ataendelea mmoja tu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na tano, na nambari yangu darasani ilikuwa nzuri kuliko yako, usibishe. Ulisoma ukilia. Mimi ndiye niliyekupangusa machozi kwa leso yangu! Asubuhi tukiwa kwa chai nikamwambia Mama, "Musyoka aende." Mama akauliza, "Una hakika?" Nikajibu kwa majivuno, kama mtu wa kitabuni. Wewe ulikuwa umeinamia kikombe. Nilidhani ni uchungu.

Utasema ulikuwa mtoto. Ulikuwa mtoto aliyejua kusoma, mbele ya mtoto aliyekuamini. Kama ungeniomba, kaka, "Mwende, niachie mimi," huenda ningekuachia. Hukuniomba. Uliingia mahali pekee palipokuwa petu sote wawili ukapanga viti upya, kisha ukanikaribisha niketi.

Na kinachonitia kinyaa zaidi si wewe. Ni kwamba nimemlisha binti yangu uchafu huo kwa kinywa changu mwenyewe, nikiuita upendo. Nilimpa jina la msichana jasiri halafu nikamfundisha kubaki.

Sisahau mema yako. Ulinibeba mgongoni hadi kliniki nilipoungua mguu. Kila shule zikifunguliwa hutuma kitu cha Mwikali kutoka huko Lodwar bila kuombwa. Bado nakupenda, na hilo nalo linanikera. Mama hajui. Sijamwambia, na sitamwambia mimi. Hiyo ni kazi yako.

Mwikali amekwishajua. Nilimwonyesha ukurasa, kama alivyotaka. Alisoma akifuata kwa kidole, akasema, "Si nilikuambia." Sasa anataka kujua kama msichana alilitoa jua, na kitabu kinaishia yeye akiwa katikati ya mto, majivu yamemfika kifuani.

Cha tatu unacho wewe. Ulikinunua ukiwa shule ya bweni, ukaja nacho likizo na jalada lake, la bluu, ukawa unakibeba kwapani nisione jina, na kusema hakina maana, mwisho wake ni mbaya. Kwa hiyo nisikie. Pesa za unga usitume safari hii, wala pole kwa simu. Mpe dereva wa basi kifurushi kimoja, ndani yake utie:

Jina kamili la vitabu hivyo, na la aliyeviandika.

Hesabu ya vyote, kama ni vitatu au vipo vingine.

Majina yao ya kwelikweli, yule msichana na yule mvulana, yanavyotamkwa; kitabuni nimeyaona, kuyasema siwezi.

Kitabu cha tatu chenyewe, na jalada lake. Usikifunike.

Na karatasi moja kwa mwandiko wako, inayosema ni nani alivuka. Mwikali anataka kuilinganisha na kitabu.

Mimi dada yako,
Mwende