Uvimbe Uliochekwa

Nyamigogo, Biharamulo
Baada ya Pasaka, 1979

Dada yangu Domitila,

Shikamoo dada. Nakuamkia hapo hapo jikoni kwako Kabanga, huko Ngara, maana najua barua hii utasomewa ukiwa umeshika mwiko. Kama anayekusomea ni mwanao Method, mwambie asiruke mistari. Mama macho yake vipi, bado anashikwa mkono kwenda misa? Na ule mgomba wa nyuma ya nyumba uliokuwa umeulalia ukuta, mliutegemeza? Sisi huku tunapumua. Zaidi ya hapo siwezi kusema kabla sijakueleza.

Barua yako aliniletea yule fundi baiskeli. Umeandika kwamba mavuno yakiisha Method atapanda lori la maharage aje kwangu alime, kwa sababu shamba lenu limekuwa dogo kama mkeka. Dada, usianze kumkaangia karanga za safari. Sikiliza kwanza hadi mwisho.

Niliyokuandikia zamani sikudanganya. Ardhi huku ni pana, mahindi yanampita mtu kichwa, na nyumba yangu ndiyo ya kwanza kwenye mstari wetu wa nyumba kupakwa udongo mweupe. Aliyeipaka ni mwanangu Evarist. Sijui kama huko mna kijana wa namna ile. Labda mnaye, ila mimi sijasikia. Kamaliza la saba, analima mpaka majirani wanakuja kuyatazama matuta yake, na kwenye mikutano ya kijiji ndiye aliyekuwa anasimamishwa kuwasomea watu gazeti, kwa sababu ana sauti ya padri. Tangu baba yake afariki hajaniacha nilale njaa. Hayo nitayasema hata mbele ya Askofu.

Sasa habari ya mbung'o, maana wao ndio wenye habari hii.

Unajua malori ya Operesheni Vijiji yalitushusha ukingoni mwa pori. Viongozi wakachora mistari ya nyumba, wakapanda gari lao, wakafunga vioo. Sisi tukabaki na wale nzi. Mbung'o hana aibu, anakuchoma juu ya nguo kama sindano ya kushonea magunia. Mwaka wa kwanza kila alipouma palivimba kama andazi. Evarist aliwahi kuvimba jicho zima, akawa anatuchungulia kama kuku mgonjwa. Wenyeji nao walikuwa wanaumwa vilevile, lakini wao kialama kidogo tu, basi.

Jirani yangu Mama Anastazia ni Msubi wa hapa hapa. Kila akija kuomba moto alikuwa anaushika mkono wangu na kuugeuzageuza kama mtu anayenunua kuku.

"Bado hujafika," ananiambia.

"Nimefika tangu mwaka jana, mama. Si wewe ulinipa mbegu?"

"Miguu ndiyo imefika. Damu iko Ngara bado, inabishana na mbung'o."

Ndiyo desturi yao. Mgeni anakuwa mwenyeji siku anayoumwa asivimbe, na siku hiyo anatengewa kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi. Wa kwanza kufika kwenye mstari wetu alikuwa nani kama si Evarist. Alinyoosha mkono mbele ya watu, mbung'o akanywa mpaka akashiba, tukangoja, pakabaki tambarare. Tulikunywa na kuimba. Hata wewe nilikuandikia kwamba mwanangu amewashinda wadudu wa Biharamulo.

Basi mwaka jana, vita ilipoanza huko ng'ambo ya mto Kagera, akaota uvimbe shingoni, chini ya sikio. Mgumu, wa moto, unauma, wala haukuondoka jioni kama ule wa zamani. Ukakaa na kukaa. Vijana shambani wakapata la kusema.

"Jamani, Evarist amekuwa mgeni tena."

"Mtafutieni lori arudi kwao."

Mwenyewe akacheka pamoja nao. Mama Anastazia akautazama, akasema damu ya kijana imeota ndoto ya nyumbani. Tukaukanda kwa maji ya chumvi. Baadaye ukanywea, tukausahau.

Ikaja homa. Zahanati wakampa klorokwini ya malaria. Homa ikaenda, ikarudi, ikaenda. Kisha ikaja hali ambayo sikuielewa: usiku macho, mchana usingizi. Tonge likiwa mkononi, analala.

Wakati huo vijana walikuwa wanapangwa mgambo kwenye uwanja wa shule, na bunduki za mti, na Mwenyekiti wa kijiji anawakagua. Evarist akasinzia akiwa amesimama, bunduki ikamwanguka. Mwenyekiti akasema huyu anasinzia makusudi, anaogopa vita. Siku iliyofuata, kwenye shamba la kijiji, mwanangu akalala katikati ya tuta, jembe liko kifuani. Mwenyekiti akamsimamia juu.

"Kupe," akasema. "Wenzako wanakufa mpakani, wewe umelala unanyonya jasho la watu."

Nikatupa jembe langu nikaenda. "Mwenyekiti, kupe hulala kwa shibe. Huyu hajala tangu juzi. Mtazame macho."

"Mama Evarist, wewe tumezoea kukusikia ukimsifia. Haya, leo sifia na usingizi wake."

Watu wakacheka. Dada, waliocheka ni wale wale ambao mwanangu aliwasomea gazeti. Tangu siku hiyo hata watoto wanaochunga mbuzi walikuwa wakimwona wanaita, "Kupe, amka." Yule aliyenyonywa damu ndiye akapewa jina la mnyonyaji.

Gari la hospitali lilikuwa limechukuliwa kwenda vitani. Mume wa Mama Anastazia alitoa baiskeli, tukamfunga Evarist kwa kanga zangu asidondoke, yule mzee anasukuma, mimi nashikilia kichwa. Hospitali wakamtoa maji ya uti wa mgongo. Daktari, kijana mwenye miwani, akaniita pembeni.

"Ni malale, mama. Yameshafika kichwani."

"Haiwezekani," nikamwambia. "Mwanangu mbung'o hawamvimbishi. Alifika kabla ya watu wote."

Hakunicheka. Alikaa kwenye kitanda kitupu, akaniuliza kufika ndiko kupi, nikamweleza. Ndipo akaniambia hivi:

"Mbung'o akiuma anatema mate kwanza, damu isigande, ndipo anyonye. Mwili wa mgeni hauyajui mate hayo, unayapiga vita, panavimba. Ukiumwa mara nyingi mwili unayazoea, unanyamaza."

"Ukinyamaza si ndiyo umeshinda?"

"Umezoea mate tu. Vijidudu vya malale havizoeleki, na vinapita humo humo ndani ya mate."

"Na ule uvimbe wa shingoni?"

"Ule ndio mlango vilioingilia. Ungemleta siku zile, dawa ingekuwa nyepesi."

Nilikaa kwenye ngazi za wodi nikaligeuza jambo hili, nikaliona hivi, dada. Mbwa wako anambwekea kila mpita njia. Huyu mmoja akipita kila siku, mbwa anachoka, anamtikisia mkia. Halafu siku moja mpita njia yule yule anakuja na mwizi mgongoni. Mbwa akabweka mara moja, shingoni pale, na sisi wenye nyumba tukamcheka mbwa.

Dawa yenyewe inachoma mshipa kama pilipili. Wanaume wazima waliita mama zao. Evarist hakuita, na mimi nilikuwa hapo hapo mlangoni. Mwenzake wa kitanda cha pili hakuamka. Wangu ameamka, nami namshukuru Mungu, ila sitakudanganya. Ninampa gazeti, anasoma mstari wa kwanza kwa sauti ile ile ya padri, halafu anaurudia. Anaurudia tena. Anaona ninavyomtazama, anakunja gazeti na kusema macho yamechoka. Matuta yake yamepinda. Majirani hawaji kuyatazama, na wakija nasimama mbele yao.

Mwenyekiti alikuja. Alisimama mlangoni, kofia kichwani.

"Nasikia kijana amepona. Jumatatu tumwone shambani."

"Atakuja," nikamwambia, "ukishasema mbele ya mkutano kwamba alikuwa mgonjwa."

"Mkutano ujao una mambo ya vita, mama."

"Basi na jembe la Evarist lina mambo yake."

Akaondoka. Tangu hapo hatusalimiani.

Sasa nalisema nililokalia. Nilimwuliza daktari kama mwanangu akishaugua hivi na kupona, mwili utaujua ugonjwa, usimrudie. Akasema hapana. Ugonjwa huu mwili haujifunzi. Mbung'o mwingine mwenye vijidudu akimuuma, yanaanza upya, na hataweza kuistahimili dawa ile mara ya pili. Nami nyumba yangu nzuri ya udongo mweupe iko ukingoni mwa pori.

Kwa hiyo Method asije. Na lori hilo la maharage likirudi huko kwenu, nataka limbebe Evarist. Najua nilivyokuwa nikikuandikia habari za upana wa huku, na ninyi mmebanana kwenye mkeka wenu. Najua utakavyoinua nyusi, dada, nakufahamu tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. Inua, kisha umtandikie. Huko milimani mbung'o hakuna. Wagawane na Method hicho kidogo. Mimi nitabaki hapa na mahindi yangu, maana sina nguvu ya kushushwa na lori mara nyingine.

Mama mpe mkono wangu, mwambie mjukuu wake anakuja kumpeleka misa. Shemeji, huyo mume wako mpole, mwambie naomba asimwulize Evarist habari za vita. Katekista wetu mzee nisalimie, mwambie yule kijana aliyemfundisha kusoma masomo kanisani yuko hai. Mama Anastazia hapa anakusalimu ingawa hamjuani. Kila siku analeta mtama na haombi moto tena, anakaa tu. Naye hashiki mkono wa mgeni yeyote siku hizi.

Akifika, usimlilie mbele ya watu. Ni kijana mwenye heshima, na bado ni mzuri wa sura kuliko wote ulio nao hapo. Mpe jembe. Akilala katikati ya tuta, mfunike kichwa kwa jani la mgomba jua lisimpige, endelea na tuta lako, na atakayefungua mdomo kumwita kupe, mwonyeshe kwamba pale ni kwa mama yake mkubwa.

Mimi mdogo wako,
Mama Evarist