Hodi kwa Bi Mwanahamisi

Kwa dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Naanza na salamu, usije ukasema Nairobi imenifundisha utovu wa adabu. Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto wazima? Sisi huku tunapumua, ndiyo afya tuliyo nayo. Nikimaliza kupiga pasi pale kwa dobi saa tisa, naenda moja kwa moja hospitali kwa wifi yako.

Dada, sikufichi, hali ya Mwanaidi si nzuri. Ile saratani ya titi imeingia mifupani. Dawa ya maumivu hupewa kwa saa maalumu, na kabla saa haijafika ndipo anapoteseka. Kuna nesi mmoja, mama wa Kitaita, mtu mzima, aliyenifundisha jambo nikadhani ananidhihaki. "Mwambie afumbe macho, avute pumzi polepole," alisema. "Halafu mpeleke kwa maneno mahali anapopapenda, hatua kwa hatua. Haitamponya, baba, lakini mwili utalegea."

Mwanaidi akachagua nyumbani, Ngamiani. Kwa maneno tu nikampokea stesheni, nikamvusha reli, tukaingia mitaani kwetu. Basi, unamjua wifi yako! Hapiti mlango bila kusalimu. Kila nyumba, "Hodi!" Na wa kumwitikia ni mimi. Mara mimi ni Mzee Mwinjuma fundi cherehani, mara mimi ni Bi Tatu muuza mbaazi, "Karibu mwanangu, karibu, za siku nyingi?" Wagonjwa wenzake wakanicheka. Siku ya kwanza hatukufika hata barabara ya tatu, akalala, uso umekunjuka. Nilifurahi mpaka nikalia.

Kila siku tukasogea, nami nikazidi kuogopa, maana nilijua tunakokwenda. Kwa mama yake. Barua yako ya kunijulisha kuwa Bi Mwanahamisi amefariki ilikuwa mfukoni mwangu. Mlinikataza kumwambia mpaka apate nafuu, nikatii.

Juzi tukafika. Akaita, macho kafumba, "Hodi, mama!"

Ulimi wangu ukakataa. Wengine wote niliweza, dada, lakini nimkaribishe mtu kwa sauti ya marehemu? Akapiga hodi ya pili, nikanyamaza. Ya tatu. Kisha akafumbua macho akaniangalia.

"Hodi tatu, Athumani. Mama hajapata kuniacha mlangoni. Amekufa lini?"

Nikamwambia. Alilia hadi maumivu yakampanda, nesi akaja mbio. Jana kutwa hakusema nami neno. Nilijichukia, na ninyi pia nina kinyongo nanyi, maana mlinibebesha siri mkabaki huko mnaomboleza pamoja, naye analia peke yake ugenini.

Leo kanishika mkono. "Nipeleke tena," akasema. "Lakini usiniishie mlangoni. Nipeleke alipo." Tukavuta pumzi, nikampitisha barazani, ukumbini, uani. Hapo nikakwama. Sikuwapo mazikoni, sijui kaburi liko upande gani, na kumdanganya siwezi tena.

Kwa hiyo niandikie upesi, usingoje goti lipone. Najua wewe ulibaki nyumbani na wanawake wenzio, basi muulize shemeji, yeye alilibeba jeneza. Walitoka mlango gani? Walipita njia ipi? Kaburi linapakana na nani, kuna kivuli, chini ni mchanga au majani? Andika kila kitu, hata unachokiona cha kipuuzi. Daktari kaniambia kwa upole nisipange mambo ya mbali.

Msalimie shemeji na watoto. Mzee Mwinjuma mwambie aniwie radhi, nimeitumia sauti yake bila ruhusa, na Bi Tatu vivyo hivyo. Mwanaidi anakusalimu sana. Anasema tukifika kaburini ninyamaze, nisimwitikie kwa niaba ya mtu. Pale atasalimu mwenyewe, na jibu atalingoja mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani